Maji, gesi na neno nililolibadilisha

Alhamisi, baada ya Isha.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri, ikakatika, ikarudi. Hapa kwetu Manzese inayoleta tope mpaka kizingitini ni ile inayorudi. Nimefunga steshenari mapema. Jirani yangu fundi wa kuchomelea mageti naye kafunga, hakuna cheche wala kelele za grainda, na mie niliyezoea kumlalamikia kila siku leo natamani angekuwepo apige kelele zake, nisisikie mawazo yangu.

Leo nilifunga sunna. Nimefuturu kwa maji tu.

Juu ya meza kuna mfuko wa korosho, umefungwa fundo. Kaniletea Somoe. Sijaufungua na sioni mkono wangu ukiufungua usiku huu.

Nyie mnaopitapitaga kwenye ukurasa huu mnanijua. Mie ni mama wa kuchapa, kutoa kopi na kubaindi. Kidato cha nne nilimaliza, zaidi ya hapo sikwenda. Binti yangu Nuru ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kabla hajaolewa, akaniambia, "Mama, yale unayoyasema peke yako ukichapa, andika humu." Basi naandika. Leo naandika kitu ambacho ningependa Nuru asikisome, lakini atakisoma tu.

Somoe sio jina lake. Nimempa hilo kwa sababu ni jina la kwao, upande wa Lindi, na linamfaa. Ana miaka thelathini na kitu, watoto wawili, mume dereva wa lori la mchanga. Wamepanga mtaa wa pili, nyuma ya msikiti. Alirudi shule akiwa mtu mzima, akaingia chuo kusomea mambo ya mafuta na gesi, kwa sababu gesi imetokea kwao na anataka siku moja awe miongoni mwa wanaoitoa, sio wanaoitazama tu ikipita. Mwaka huu ndio wa mwisho. Ilibaki kazi moja tu, ile ripoti kubwa ya kutetea mbele ya jopo la walimu.

Mimi ndiye niliyemchapia.

Hana kompyuta, na muda wa kukaa akaandika hana. Kwa hiyo tulipatana hivi: yeye anarekodi sauti kwenye simu, ananitumia, mie nachapa, halafu anakuja kusoma na kurekebisha. Alikuwa anarekodi akimenya mihogo, akifua, akimbembeleza mdogo. Nilikuwa nasikia mafuta yakichachatika kwenye kikaango na katikati yake Kiingereza cha chuo kikimtoka kimenyooka. Nikawa namwambia, "Bibie, ripoti yako inanukia chapati." Yeye anajibu, "Wewe chapa tu, Mama Nuru, chapati utaletewa." Na kweli zilikuwa zinakuja.

Mwanzoni nilimwambia sitaki kuchapa kama kasuku. Anieleze ninachokiandika kinahusu nini, nisije nikakosea maneno. Astaghfirullah. Ningekaa na ukasuku wangu.

Akanieleza siku moja jioni hapo barazani, kwa vyombo vyangu mwenyewe. Mie nilidhani mafuta huko chini yamekaa kama ziwa, unatia bomba unavuta. Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mama Nuru, ni mwamba. Mwamba una vitundu vidogo hata macho hayavioni, mafuta yamejibana humo. Kisima kinafungua mlango tu. Swali ni nani anayasukuma yatoke."

Akachukua soda niliyokuwa nakunywa, akaziba kwa kidole gumba, akaitikisa, akaachia. Ikaruka mpaka kwenye khanga yangu. "Huyu msukumaji wa kwanza. Gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta yenyewe. Presha ikishuka inatoka na kuyasukuma, mwanzoni kwa fujo hivyo. Halafu?" Tukaangalia ile chupa. Povu limekwisha, soda imetulia, na nyingi imebaki ndani. "Gesi ikishatoka, nguvu imekwisha nayo. Mafuta mengi yanabaki kwenye mwamba. Hapo mavuno ni madogo."

Mavuno. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaiita ile sehemu ya mafuta inayofanikiwa kutoka juu. Nikalipenda neno lile, utadhani tunazungumza mihogo.

Msukumaji wa pili alinionyesha kwa chupa yangu ya chai, ile ya kubonyeza kichwani. Hewa imekaa juu, unaibonyeza, inasukuma chai itoke. Chini ya ardhi kuna mahali gesi imejikusanya juu ya mafuta kama kofia. Mafuta yakipungua inatanuka na kuyasukuma chini kuelekea kisimani. Hapo mavuno yanakuwa mazuri kidogo kuliko ya soda, mradi usivute kisima kwa pupa ukaishia kunywa hewa. Akanionyesha na ile chupa ya mafuta ya kupikia ninayoigeuzaga kichwa chini ikikaribia kwisha. "Na uzito wenyewe tu unasaidia. Yanachuruzika taratibu. Anayetaka haraka hayapati."

Halafu akafika kwenye maji.

Aliomba dumu langu la mafuta ya taa, yaliyobaki kidogo chini kabisa kiasi ambacho hata ukiliinamisha hayafiki mdomoni. Akalimiminia maji taratibu. Mafuta yakapanda, yakapanda, yakafika shingoni. "Maji yanakaa chini, mafuta yanaelea. Kama pembeni au chini ya mwamba kuna maji mengi, kila mafuta yanapotoka maji yanaingia nyuma yake, presha haianguki. Hapo ndipo mavuno yanakuwa makubwa kuliko kwa wenzie wote hawa."

Dumu langu aliliharibu, lakini nilifurahi kama mtoto. Mie maji niliyapenda. Tunatawadhia, tunaoshea maiti zetu, mvua tunaiita rehema. Sikushangaa hata kidogo kusikia kwamba hata huko chini gizani maji ndiyo yenye fadhila kuliko wote. Nikaona ni hekima ya Mwenyezi Mungu imenijia barazani kwenye dumu.

Kuna siku kwenye sura ya pili nilisikia amesema kofia ya gesi imekaa chini ya mafuta. Nikasimamisha sauti, nikampigia. "Somoe, kofia inavaliwa miguuni siku hizi?" Akacheka, akasema ulimi umeteleza, nibadilishe. Tulipoonana akanishika mabega mbele ya wateja. "Jamani huyu mama apewe joho! Jopo langu la kwanza ni huyu." Wale vijana waliokuwa wanasubiri kopi wakanipigia makofi.

Nilitembea na makofi yale wiki nzima. Sisemi uongo. Nilikuwa nachapa nimenyoosha mgongo.

Mara ile niliuliza kwanza. Nataka ikumbukwe hivyo, kwa sababu kinachofuata sikuuliza.

Sura ya nne ilihusu gesi ya kusini. Somoe akaja, akaisoma yote kwenye skrini mstari kwa mstari, akaridhika, akasema nikiprinti nibaindi kabisa, yeye anawahi watoto. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima, ukarudi alasiri, na kila mtu alitaka kuprinti kabla haujakatika tena. Nikawa naipitia mara ya mwisho kuona kurasa zimekaa sawa. Nikafika kwenye sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba kwenye hifadhi ya gesi, yaani mwamba wenye gesi, maji yakiingia kwa nguvu, hupunguza mavuno.

Hupunguza.

Nikashangaa. Sura ya pili maji yanaongeza kuliko wote, sura ya nne yanapunguza? Nikajua huyu mtoto amechoka, ulimi umeteleza tena kama siku ile ya kofia, na hata macho yake yamepita juu bila kuona. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Salio lilikuwepo. Sikupiga. Nilifuta lile neno, nikaandika Kiingereza cha "huongeza". Nikaprinti, nikabaindi kwa jalada gumu la bluu, na nikajisikia nimemsitiri.

Nilifikiria hata jinsi nitakavyomwambia baadaye ili anisifu tena. Halafu wateja wakajaa, nikasahau.

Leo mchana, mvua ilipokatika kidogo, akaingia. Alikwenda mbele ya jopo juzi, na mie nilikuwa nangoja habari.

"Shikamoo Mama Nuru."

"Marahaba mwanangu. Ehe, tupige vigelegele?"

"Vigelegele viweke kwanza."

Akaweka ule mfuko mezani. Akasema mama yake katuma korosho kutoka nyumbani, kaona anigawie, anajua nimefunga, nifuturu nazo. Akakaa kwenye benchi la wateja. Macho yalikuwa yamevimba lakini alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la mtu asiyetaka umwonee huruma.

Alisema alieleza vizuri tu mpaka alipofika kwenye gesi. Mwalimu mmoja mzee akamuuliza, je, kwenye gesi maji yanasaidia? Akajibu hapana, yanapunguza mavuno. Mzee akafunua ukurasa. "Mbona hapa umeandika yanaongeza? Na jedwali lako mbele huku linasema yanapunguza. Mdomoni umesema yanapunguza. Sasa tumwamini Somoe yupi?"

Anasema alisoma ile sentensi mara mbili, akaona ni kweli imeandikwa hivyo kwenye kazi yake mwenyewe, na kichwa chake chote kikawa cheupe. Hakujibu. Mzee akauliza swali jingine.

"Kazi hii kakuandikia nani?"

Wamempa mpaka kesho asubuhi. Arudi awaeleze vizuri. Wasiporidhika, ripoti inafutwa, anaanza upya na mada nyingine, na kuhitimu na wenzake hakupo tena. Mumewe kamwambia, kwa upole kabisa kwa sababu sio mtu mbaya, kama mwenyewe hujui ulichokiandika basi pumzika, mama, umejitahidi. Anafikiria kumsikiliza. Anafikiria asiende kesho.

"Sio kosa lako Mama Nuru," akaniambia. "Wewe unaandika ninachosema. Itakuwa nilirekodi nikiwa nimechoka, nikasema kinyume, na nilipokuja kusoma sikuona. Samahani nimekuchosha bure na makaratasi yote yale."

Halafu akasema, chini chini, kama anajisemea mwenyewe: "Ila nimeanza kujiuliza. Hivi mie najua kweli? Au nilikuwa nakariri tu?"

Na mie nikasema nini?

Nilisema, "Usijali."

Yeye ananiomba samahani, mie nimefunga sunna, tasbihi iko mkononi, nasema usijali! Akainuka, akajifunika mtandio, akatoka. Nikamtazama anaruka madimbwi.

Niseme ukweli wote. Alipoitaja ile sentensi tu nilijua mkono ni wangu. Lakini bado kuna sauti ndani ilikuwa inanitetea. Inasema huenda na wao jopo wamechanganya. Huenda na jedwali ndilo bovu. Maji yanasaidia, nimeliona dumu kwa macho yangu! Nikakaa na hiyo sauti mpaka Alasiri, nikasali nayo, ikawa inasali pamoja nami.

Baada ya sala nikachukua simu. Sauti zake zote zimo, mie sifutagi kitu, ndiyo maana simu yangu nzito kama tofali. Nikaitafuta ile ya sura ya nne.

Hapa kuna aibu nyingine. Somoe alikuwa na tabia katikati ya Kiingereza chake anasimama, anasema kwa Kiswahili, "Hii usiandike Mama Nuru, nakueleza wewe tu." Anaeleza kidogo, kisha anaendelea. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza yale maelezo kwa raha. Kazi zilipozidi nikawa naziweka sauti zake kwa kasi, na nikisikia tu "hii usiandike" naruka mbele mpaka Kiingereza kinaporudi. Nilifanya hivyo sura nzima ya nne. Alikuwa ananifundisha na mie namruka.

Leo sikuruka.

Mtoto analia nyuma, sufuria inagongwa, na sauti yake imetulia tu: "Hii usiandike, nakueleza wewe tu, maana najua utaniuliza. Utasema, Somoe, si ulisema maji ndiyo mazuri? Kwa mafuta ndiyo. Mafuta hayana nguvu ya kutosha yenyewe, yanahitaji wa kuyasukuma. Gesi haihitaji. Gesi ukiifungulia mlango inatanuka, inatoka yenyewe, sehemu kubwa kabisa inatoka. Sasa maji yakiwahi kuingia, yanaifungia kwenye vile vitundu, inabaki humo na presha yake, haitoki tena. Chukua dodoki lako kavu, lizamishe kwenye beseni, usilikamue. Uone hewa ilivyojificha. Halafu likamue."

Najua utaniuliza, alisema. Alikuwa na hakika kabisa kwamba nitamuuliza.

Dodoki langu lilikuwa limeanikwa ukutani, kavu. Nikajaza beseni pale uani chini ya bati, mvua inanipiga mgongoni, nikalizamisha na kulishikilia chini kwa kiganja. Vipovu vichache vikapanda, vikaisha. Maji yakatulia. Ungeapa limejaa maji tupu. Nikalikamua hukohuko chini.

Hewa ikatoka. Ikatoka na ikatoka, inabubujika mpaka juu, yote ile ilikuwa imefungiwa ndani na maji yamekaa kimya yanaizingira kama hayajafanya kitu.

Niliinama pale kwenye beseni nikalia. Nililia kwa sababu maji yale yalikuwa ni mimi. Nilikuja na wema wangu, mwingi, haukuulizwa, ukaingia kwa nguvu, na mtu aliyekuwa anatoka vizuri kwa uwezo wake nikamzibia ndani. Sasa anadhani hana kitu.

Nikaanza kutubu hapohapo, maneno ninayoyajua. Lakini chuo cha Kurani tulifundishwa tukiwa wadogo, na sijasahau: yaliyo baina yako na Mola wako unamwomba Yeye, ila haki ya mja iko kwa mja. Utalia kwenye beseni mpaka lifurike, kama mwenyewe hajakupa radhi bado unadaiwa. Na mwenye haki yangu yuko mtaa wa pili, anafikiria kuacha shule.

Nikawaza steshenari. Wanafunzi wakisikia kuwa yule mama wa Manzese anabadilisha kazi za watu, nani ataniletea hata barua ya kuomba kazi? Nikawaza na jambo gumu zaidi. Jopo limeuliza kazi kakuandikia nani, halafu mie niende nikasema ni mimi nilibadilisha? Si nitakuwa nimewathibitishia? Hilo lilinipa kisingizio kizuri cha kunyamaza, na nilikaa nacho kama nusu ya alasiri. Kina utamu kisingizio kinachofanana na huruma.

Adhana ya Magharibi ikanitoa. Nikafungua kwa maji, nikasali, nikajitanda khanga juu ya buibui, nikatoka na simu nimeificha kifuani isilowe. Pindo lote limeingia tope.

Nilimkuta anamsuka mkubwa wake, mumewe kakaa kwenye stuli anapuliza chai. Nilikataa kukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za watoto.

Nikasema nikiwa mlangoni. Kwamba ile sentensi hakukosea yeye. Kwamba alisema sawa, akasoma sawa, na mie nikaibadilisha baada ya yeye kuondoka, kwa sababu nilijiona najua. Kwamba mchana nilimwambia usijali nami nikiwa najua mkono ni wangu.

Mikono yake ikasimama kwenye nywele za mtoto.

"Ulibadilisha," akasema.

"Nilibadilisha."

"Hukunipigia."

"Sikukupigia."

Mume ndiye aliyeongea. Aliweka kikombe chini, akamtazama mkewe, sio mimi. "Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua?"

Nikaona hata yeye hana hakika. Nikatoa simu nikaiweka ile sauti, kwa mwendo wake, bila kasi. Ikajaza chumba chote. Mtoto analia kwenye simu, na mdogo huyohuyo kakaa mkekani anashangaa kujisikia. Sufuria. Gesi haihitaji. Chukua dodoki lako.

Somoe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba niirudishe. Mara ya pili alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama anavyomsikilizaga mwalimu.

"Huyo ni mie," akasema.

"Ni wewe, mwanangu. Na zingine zote ninazo, tangu sura ya kwanza. Anayetaka kujua nani kaandika kazi hii, aje asikilize mihogo ikimenywa."

Mume akacheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliniangalia, na uso ule sijawahi kuuona kwake, hauna hasira wala hauna ile huruma niliyokuwa naitamani.

"Unajua kilichoniuma sio jopo," akasema. "Nimelala siku mbili nadhani mie mjinga. Nimetoa vitabu, nimeanza kusoma upya, na kila nikisoma siamini."

Nikasema tu, "Nihalalishie, Somoe. Niwie radhi."

"Radhi yako iko kwa lile jopo. Itakuja wakimaliza." Akarudisha mikono kwenye nywele za mtoto, akavuta mstari mpya kwa kitana. "Asubuhi tunakwenda wote. Njoo na hiyo simu. Na Mama Nuru?"

"Naam."

"Usiseme kitu mpaka uulizwe."

Mume alicheka mpaka chai ikampalia. Mie nilirudi nyumbani kwenye mvua.

Sasa nimekaa hapa. Simu iko kwenye chaji. Nimehamishia sauti zake zote kwenye flashi pia, nazo nimezipa majina yake mwenyewe, sura kwa sura, na sikugusa hata moja. Buibui jingine nimelipiga pasi kabla umeme haujatufanyia mambo yake. Nimefikiria kubandika tangazo mlangoni kesho kueleza nilichofanya, wateja waamue wenyewe. Sijui kama nitaweza. Lakini nimeshaliandika humu, na humu wanapita watu.

Korosho nimeziweka kabatini na fundo lake. Nitazila siku atakayoniambia nile.

Ya Rabi, kesho mpe ulimi wake wote. Mie nitakaa kwenye benchi la nje. Wakiniuliza nitasema kama ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Wasiponiuliza nitanyamaza, kama nilivyotakiwa kunyamaza alasiri ile umeme uliporudi.